Nyekundu ya Chumba cha Mbele

Mtu akiniambia nyekundu ni nyekundu, namwomba akae chini kwanza, tusije tukakosana akiwa amesimama. Nimeshika brashi tangu sijamaliza kung'oka meno ya utoto, na bado ilifika wiki rangi hiyo ikanichanganya hadi nikawa nasimamisha watu barabarani kuwauliza wanaona nini. Kila mmoja alinijibu lake. Kwa hiyo nikisimulia kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Nyumbani kwetu tunatengeneza minara ya taa. Si ile mikubwa ya kuongozea meli, hatuna ubavu huo. Yetu ina kimo cha chupa ya soda, na watu wazima wenye akili zao wanainunua, wanaipanga kabatini na kukataza wageni wasiiguse. Kaka yangu anamimina jasi kwenye kalibu huko uani, ikikauka anaipiga msasa. Mimi napaka rangi chumba cha mbele, meza ya dirishani. Mke wa kaka, wifi yangu, anapaka chumba cha nyuma, mlango umefungwa, na minara yake hutoka imeshafungwa magazeti. Mlango huo ulinikera tangu alipoolewa. Mtu gani anapaka rangi kajifungia kama anaoga? Nikajiambia ni maringo tu.

Mtoto wake mwenyewe alikuwa haruhusiwi kuingia. Alishinda kwangu, kakaa juu ya meza yangu, miguu inaning'inia. Tunamwita Kinyonga kwa sababu hakosi rangi mwilini. Asubuhi mama yake humleta, anasema, "Wifi, mwenzio huyu," halafu anapotelea nyuma na mlango unafungwa. Nilikuwa nalalamika kila siku. Lakini siku Kinyonga akipelekwa kliniki nilikuwa naharibu kazi, kwa kuwa sina wa kugombana naye.

Aliyeanzisha kazi hii ni Mama. Mikono yake sasa inatetemeka, kupaka hawezi tena, ila kitu kimoja aliendelea kukifanya mwenyewe. Chini ya kitako cha kila mnara alichora jicho dogo jeusi, ndiyo alama yake. Hao wanunuzi wetu, wakusanyaji wa minara, wakishika mnara wetu hawatazami mikanda wala madirisha, wanaupindua kwanza waone jicho. Na siku hizo hata jicho lenyewe lilianza kutoka limekonyeza. Tulijua kwamba karibuni Mama atamwachia mmoja wetu alichore. Nilitaka niwe mimi. Sisemi nilitamani, nilitaka. Mimi ni mwanawe wa kumzaa, nimekulia ubavuni kwake, na wifi alikuja juzi tu na sanduku lake la nguo.

Basi akaja Nahodha. Huyu ndiye mkubwa wa chama cha wakusanyaji, na jina hilo kalipata kwa ajili ya kofia yake ya ubaharia. Bahari yenyewe nadhani anaionea kwenye kalenda. Alileta minara miwili kaifunga taulo, akaisimamisha mezani kwangu. Kalibu moja, mikanda mitatu myekundu, na yote miwili ina jicho la Mama chini.

"Angalia rangi," akasema.

Nikaangalia. Mmoja nyekundu yake ilikuwa imechangamka, kama nyanya iliyoiva. Wa pili nyekundu ilikuwa imepooza, inaelekea kwenye zambarau.

"Huu ni wa mama yako," Nahodha akasema, akigusa ule uliochangamka. "Na huu mwingine, binti, samahani, ni wa kwako. Umepaka wewe, na jicho la mama yako ukalichora wewe."

"Mimi?"

"Linganisha na huo ulioushika."

Nilikuwa nimeshika mnara wangu wa siku hiyo, mkanda wa pili haujakauka. Nikausogeza karibu. Rangi ileile, imepooza vilevile. Hapo akili ilinisimama. Mnara alioleta ulikuwa mkongwe, vanishi yake imeshageuka, na mimi sijawahi kuchora lile jicho hata kwa mzaha. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na mengine machache, kuhusu kofia.

Mama alisikia sauti yangu, akatoka ndani. Akaishika minara ya Nahodha mmoja mmoja, akaipindua na kuitazama. Nahodha akamweleza kwamba chama kinataka seti mpya, lakini safari hii wanataka kujua jicho linachorwa na nani, maana wamechoka kuchanganyiwa.

"Niachie hii miwili," Mama akasema. "Binti yangu na mkwe wangu kila mmoja atakupakia mnara wake. Njoo Jumamosi uchague. Utakayemchagua ndiye nitakayemwachia jicho."

Nahodha alipotoka nikamwambia, "Mama, mbona hukumwambia kwamba si mimi?"

"Nimesikia," akasema, akarudi chumbani kwake. Mtu nimesingiziwa kughushi jicho la mama yangu, na mama yangu anasema amesikia.

Nikaanza kuitafuta rangi. Nyekundu yetu ni moja. Kaka anainunua kwa debe na kutugawia kwenye makopo, nusu kwangu nusu kwa mkewe. Nikaenda chumba cha nyuma nikagonga.

"Wifi, nipe mnara wako mmoja niuone."

"Subiri."

Nikasikia maji yanamwagika, mtu ananawa, na kunawa kwenyewe utadhani katoka kuchimba kisima. Halafu mlango ukafunguka kidogo, ukapita mkono na mnara. Nyekundu imechangamka. Sawasawa na ule mzuri wa Nahodha.

"Hii rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ipi?"

"Wifi, kwani kwenye debe zimo ngapi?"

Debe nililiona kwa macho yangu, lilikuwa moja. Nikabadilishana naye makopo, akakubali bila neno. Nikapaka kwa kopo lake, ikatoka imepooza. Nikatoa brashi mpya, nikabadilisha maji, ikapooza. Nikasema labda ni mwanga, yeye anatumia taa na mimi dirisha. Nikaibeba minara miwili, wangu na wake, nikatoka nayo barabarani. Fundi cherehani wa jirani akasema wangu ndio mwekundu zaidi. Kinyozi akasema yote sawa, na je, nagombana na nani leo? Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akasema mmoja ni wa rangi ya chungwa, lakini yote mizuri. Nikarudi kwa fundi cherehani, nikaingia kivulini mwa kibanda chake, akabadilisha maneno. Niliingia nyumbani najua kidogo kuliko nilivyotoka.

Nikajaribu hata picha ya ukutani, ile tunayoiigiza sote, ya mnara wenyewe. Lakini ni picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko. Niliwahi kumuuliza Mama alijuaje kwamba mikanda ni myekundu. Akaniuliza, "Ulitaka iwe ya rangi gani?"

Hapo ndipo nilipochukua kisu. Nina kisu kidogo cha kuondolea kingo za jasi, na uvumilivu wangu ni mfupi kuliko hicho kisu. Nikaupindua mnara mzuri wa Nahodha, nikaukwangua pembeni mwa mkanda wa chini. Nyekundu ikabanduka. Ndani yake kulikuwa na njano.

Nikaukwangua ule aliosema ni wangu. Ndani mweupe. Nikakwangua wangu, mweupe. Nikakwangua wa wifi, njano.

Nikakaa chini. Nyekundu yetu ni nyepesi, mwanga unapenya ndani na kurudi. Ikilala juu ya njano inachangamka, ikilala juu ya weupe inapooza. Hilo nililielewa mara moja, mimi si mjinga wa rangi. Nisichoelewa ni kwa nini mke wa kaka alijua na mimi sikujua. Niliona wivu. Kazi ya mama yangu, siri ya mama yangu, kapewa mgeni, na mimi nimeachwa napaka minara iliyopooza kama mwanafunzi.

Mama alikuwa kakaa kitandani anakunja nguo. Nikaipanga minara yote minne mbele yake.

"Umekwangua mnara wa Nahodha?"

"Nimekwangua."

"Wewe huna akili nzuri."

"Mama, hii njano kafundishwa na nani?"

"Na mimi."

"Na mimi je? Mimi nilikukosea nini?"

Akakunja shati, akaliweka juu ya mengine. "Wewe unalamba brashi."

Sikuelewa kichwa wala miguu. Nikadhani uzee umeshaanza kumchezea.

"Unalamba brashi," akarudia. "Tangu uko hivi." Akaonyesha kwa mkono, chini kidogo ya kimo cha kitanda. "Ukiona ncha imetawanyika, unaitia mdomoni uinyooshe. Hata leo. Hata sasa hivi una rangi mdomoni."

Nikajifuta kwa kiganja. Kilitoka chekundu.

Ndipo akanieleza, na alieleza kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Ile njano ni ya unga, ya kizamani, ina sumu. Muuza rangi alimkanya tangu mwanzo kwamba ni sumu ya polepole, unaila kidogo kidogo huku unacheka. Yeye hakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo mtoto alikaa mezani. Na mtoto akawa analamba brashi.

"Nilikupiga vikofi vya mikono, ukalamba. Nikakufunga kitambaa, ukakitafuna. Nikapaka pilipili kwenye brashi."

"Nikaacha?"

"Ulilia sana. Huku unalamba."

Sikutaka kucheka, nikacheka. Mama hakucheka.

"Nikaipandisha njano juu ya kabati, nikapaka bila njano. Miaka yote uliyokaa kwenye meza yangu minara yangu ilitoka imepooza. Wakusanyaji walinisema, wengine wakanikimbia. Huu ni wa miaka hiyo." Akauchukua ule mnara Nahodha aliosema nimeughushi. "Ni wangu. Nimeupaka kwa mkono huu."

"Na nilipokua? Ulishindwa nini kuniambia?"

"Kwani uliacha kulamba?"

Nikajifuta mdomo tena.

"Ningekuambia ipo njano inayofanya nyekundu yako iwe nzuri, ila ina sumu. Wewe nakujua. Wewe ukikatazwa ndiyo unakimbilia. Ungekuwa umeshaiiba kabla sijamaliza sentensi. Kuliko nikuzike, nikasema acha nyekundu ipooze."

"Na wifi?"

"Wifi yako ananyoosha brashi kwa kitambaa. Nikamwambia afunge mlango, anawe mikono, na mtoto akae kwako, maana kwako hamna kitu cha kumdhuru."

"Mlango ule, sababu yake ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Nilitoka mle ndani sijui kama nimependwa au nimedhulumiwa. Nilitaka kulia, nikataka kuvunja kitu, nikaishia kunywa maji. Mtu kakuacha upooze miaka yote kwa ajili ya uhai wako, utamshukuru au utamdai? Mpaka leo ukiniuliza nitakujibu kutegemea nimeamkaje. Kabla sijamaliza kikombe, Mama akaja na kopo dogo lenye vumbi, akanikabidhi mbele ya wifi aliyekuwa anachota maji.

"Wewe ni mtu mzima sasa," akasema. "Funga mdomo upake."

Kesho yake nikaanza. Nilitia kijiti cha kiberiti katikati ya meno ili brashi ikose njia, Kinyonga akanicheka mpaka akashikilia meza. Kopo la njano nikaliweka upande wa pili, asikofika. Nikapaka mkanda wa kwanza njano, nikaungoja ukauke, nikatandaza nyekundu juu yake. Jamani. Ikachangamka mbele ya macho yangu, nyekundu ambayo nimeitafuta wiki nzima, na naweza kusema maisha yangu yote bila kujua kama naitafuta. Nikatabasamu na kijiti changu mdomoni. Nililiona jicho liko mkononi kwangu, na Nahodha anavua kofia.

Nikageuka kutafuta brashi nyembamba ya kingo. Kinyonga alikuwa nayo. Alikuwa ameitia mdomoni, anaizungusha taratibu katikati ya midomo, macho kayafumba, kisha akaitoa na kuitazama ncha. Ni mimi huyo. Kila kitu, hadi ile kuinamisha kichwa.

Brashi ilikuwa mpya, haijagusa rangi yoyote. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilikuwa nimeshamkamata taya, namwangalia ulimi, fizi, kidole changu kinapita shavuni mwake ndani, naye akaniuma.

"Nani kakufundisha kulamba brashi?"

Akanitazama kama swali lenyewe halina maana. "Wewe," akasema.

Nikamtoa nje ya chumba nikafunga mlango. Akakaa palepale kizingitini, akaingiza vidole chini ya mlango, akawa anavichezesha, anaita Shangazi, Shangazi. Kwa kaka kuna vumbi la jasi. Kwa Mama, mikono haiwezi kumkamata mtoto anayekimbia. Kwa mama yake, njano. Na hili si la siku moja tu, maana atakayepewa jicho atapaka njano kila siku ya kazi. Nyumba hii ina meza mbili. Zote zikiwa na njano, huyu atakaa wapi?

Nikafunika kopo. Nikafuta meza kwa maji na sabuni, nikaifuta tena, nikanawa kama wifi. Mnara ule wa mkanda mmoja nikautia kwenye mfuko, nikautupa. Nikafungua mlango, nikampakata Kinyonga, nikachukua mnara mwingine mweupe na kuanza upya kwa nyekundu peke yake. Msidhani nilijisikia mtu mwema. Nilijisikia mjinga, na nilimtukana kila mtu kimoyomoyo kuanzia muuza rangi.

Jumamosi Nahodha akaja, tukakaa sebuleni. Kaka alikuwa na jasi kwenye nyusi. Minara yetu miwili ilisimama juu ya kitambaa, wa wifi na wangu, na ungedhani ni watu wa nyumba moja wasioongea. Wifi aliutazama wangu, akanitazama, akautazama tena. Alikuwa amemwona Mama akinipa kopo. Uso wake ulikuwa unauliza, nami nikageukia dirishani.

Mama alianza na ile ya zamani. Akamrudishia Nahodha ule mnara uliopooza, na mkwaruzo wake. "Huu ni wangu," akasema. "Binti yangu hajawahi kughushi kitu."

"Lakini rangi yake siyo."

"Mkono ni wangu. Rangi ni ya miaka ile."

"Kwa nini uliibadilisha?"

"Nilikuwa nalea."

Nahodha akangoja amalizie. Mama akamwonyesha kitambaa, achague.

Hakuchukua muda. "Huu," akasema, akainua wa wifi.

Iliniuma. Nilijua kabla hajaingia mlangoni kwamba atasema hivyo, na iliniuma vilevile. Kaka akanipiga kidogo begani, nikausogeza mkono wake.

Wakati huo Kinyonga akaingia anatokea chumba cha mbele. Alikuwa ananyonya brashi yangu, na kidevu chote kilikuwa chekundu hadi shingoni.

Wifi aliruka, kigoda kikaanguka. Alimkamata mtoto, akamwinamisha, akamtia vidole kooni ili atapike. "Leteni maji," akawa anasema, "leteni maji, wifi ameniulia mtoto, kaacha njano mezani." Kinyonga akaanza kulia kwa woga. Kaka alikuwa amesimama tu, hajui aende wapi.

"Mwache," nikasema. "Hamna njano."

"Mama kakupa kopo, nimemwona akikupa."

"Nimelifunika. Sikulitumia. Hiyo aliyokula ni nyekundu tupu, atakwenda chooni mara mbili basi."

Vidole vyake vikatoka kinywani mwa mtoto. Akautazama mnara wangu pale kwenye kitambaa, ule ulioshindwa, mikanda yake mitatu imepooza. Kisha akakaa sakafuni na Kinyonga mapajani, akalia bila sauti, analifuta lile domo jekundu kwa upindo wa gauni lake.

"Njano gani?" Nahodha akauliza. "Kuna njano gani?"

Mama akampa wifi brashi ya jicho, maana neno likishatoka limetoka, na wifi akachora jicho lake la kwanza, likatoka limekonyeza kuliko la Mama. Kinyonga akateleza kutoka mapajani mwake, akarudi chumba cha mbele. Nilipomfuata alikuwa ameshapanda mezani, anataka brashi yake. Nikampa.